UZI: Chicago ina timu mbili za besiboli, na huwezi kuwa wa zote mbili

#1 – Mwenye uzi

Wakuu, salaam.

Kuna hoja naiona humu mara kwa mara, na juzi imerudi tena: kwamba Mswahili akihamia jiji lenye timu mbili azipende zote, maana zote ni za jiji lake. Ina nia njema, lakini siikubali. Nakaa Chicago, upande wa kusini, na timu yangu ni White Sox. Nitaandika kirefu, vuteni viti.

Jiji hili linapasuliwa na barabara ya Madison. Namba za nyumba zinaanzia sifuri pale Madison inapokutana na State, kisha zinapanda kuelekea kaskazini na kusini. Kaskazini kuna Cubs na uwanja wao wa Wrigley Field. Kusini tupo sisi, kwenye mtaa wa 35. Treni ya Red Line inapita kote: ukishuka Addison umefika kwa Cubs, ukishuka Sox–35th umefika kwetu. Siku ambazo timu zote ziko nyumbani, behewa moja linabeba kofia za buluu na kofia nyeusi, na watu wanatazamana kwa namna ambayo mtu wa Kariakoo ataielewa bila kuelezwa. Ni watani wa jadi kama Simba na Yanga, ila kwa jambo moja ambalo ndilo limenifanya nifungue uzi huu.

Timu hizi ziko ligi tofauti. Cubs wako Ligi ya Taifa, Sox wako Ligi ya Amerika tangu ligi hiyo ilipojitangaza kuwa ligi kuu mwaka 1901. Kutoka hapo hadi 1997, ukiacha mechi za kirafiki na za hisani, walikutana kwenye mashindano mara moja tu: World Series ya 1906, yaani fainali kati ya bingwa wa ligi moja na bingwa wa nyingine. Karibu karne nzima ya utani bila mechi! Sasa jiulize, utani huo uliishi wapi? Uliishi mezani, kazini, kanisani, kwenye vinyozi. Baba alimrithisha mwanawe pamoja na mtaa. Ndiyo maana ukimwambia mtu wa hapa kwamba unapenda zote mbili, anakusikia kama mtu ambaye hajatoka popote.

Na hiyo 1906 tusiipite. Cubs walikuwa wameshinda mechi 116 na kupoteza 36, rekodi ambayo hadi leo hakuna timu iliyoshinda mechi nyingi zaidi ndani ya msimu. Sox walikuwa wapigaji dhaifu kiasi kwamba magazeti yaliwabandika jina la kutokujua kupiga. Sox wakachukua ubingwa, mechi 4 kwa 2. Nimeona wazee kusini huku wanaisimulia kana kwamba walikuwepo.

#2

Mkuu uzi mzuri, lakini sisi wengine besiboli tunaiona kwenye sinema tu. Tupe msingi kidogo.

#3 – Mwenye uzi

Kwa ufupi. Mechi ina raundi 9. Kila raundi timu moja inapiga, nyingine inarusha na kudaka, halafu wanabadilishana. Mpigaji akizunguka vituo vyote vinne na kurudi alipoanzia, timu yake inapata mkimbio mmoja. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu imekwisha. Hakuna saa ya kumaliza mchezo, na sare hakuna. Mkifungana raundi zinaongezwa.

Kinachohusu mada yetu ni idadi. Msimu una mechi 162, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku. Shabiki wa soka anaumia Jumapili kisha ana wiki nzima ya kupona. Huku umefungwa leo usiku, kesho mchana mnacheza tena. Timu inaingia kwenye mwendo wa nyumba: redio jikoni, runinga ikiwa wazi wakati watu wanakula. Kitu unachoishi nacho hivyo kila siku kwa miezi sita, moyo hauwezi kukigawa mara mbili.

#4

Mbona sasa duniani tunaisikia Cubs tu? Hata jamaa wanaovaa kofia zao Dar hawajui kama kuna White Sox.

#5 – Mwenye uzi

Umegusa kidonda. Jibu kubwa ni runinga, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wengi wanadhani umaarufu ulitoka uwanjani.

Cubs na kituo cha runinga cha WGN ni habari ndefu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 WGN kilianza kurushwa kwa setilaiti, kikafika kwenye nyumba zenye kebo nchi nzima. Mwaka 1981 kampuni ya Tribune, yenye gazeti na kituo hicho hicho, ikainunua Cubs. Mwaka uliofuata wenye timu yetu wakafanya kinyume: wakazipeleka mechi nyingi za Sox kwenye chaneli ya kulipia iitwayo SportsVision. Fikiria familia ya kipato cha kawaida kusini mwa jiji mwaka 1982. Timu ya jirani ni bure, timu yako inadai pesa kila mwezi.

Ongeza jambo la pili. Wrigley Field haikuwa na taa hadi Agosti 1988, hivyo mechi zote za nyumbani za Cubs zilichezwa mchana. Mtoto wa Iowa au Indiana anarudi shule, anawasha runinga, Cubs wapo. Kizazi kizima kililelewa hivyo, na wengi wao hawajawahi kukanyaga Chicago.

La tatu ni Harry Caray. Mtangazaji huyu alikuwa wetu kuanzia 1971. Ule utamaduni wake wa kuwaongoza mashabiki kuimba katikati ya raundi ya saba ulianzia kwenye uwanja wetu wa Comiskey Park mwaka 1976, Bill Veeck alipokuwa mmiliki. Baada ya msimu wa 1981 akahamia Cubs, akaondoka na wimbo wake, na leo sanamu yake iko Wrigley. Mgeni anayefika huko anaamini kwamba ni mila ya kaskazini tangu enzi.

Huyo Veeck naye ana yake. Ukuta wa matofali wa Wrigley unaofunikwa na majani ya kijani, ule unaopigwa picha na kila mtu, aliyeupandishia mmea mwaka 1937 ni yeye, akiwa kijana mfanyakazi wa Cubs. Baadaye akaja kuimiliki Sox mara mbili. Kwa hiyo hata uzuri wa watani zetu una mkono wa mtu aliyezeekea kwetu.

Ukiniambia Cubs wana mashabiki wengi, nakubali. Ukiniambia ni kwa sababu ya ubora, nitakuuliza nani alikuwa na mitambo.

#6

Ndugu mwenye uzi, nakusoma kwa heshima. Mimi ni mtu wa Bukavu, naishi Rogers Park, kaskazini kabisa. Watu wetu wengi tuliofika kama wakimbizi tulipangiwa nyumba huku. Hatukuchagua upande, tulipewa. Watoto wangu wamesomea huku, na Cubs ndiyo timu ya shule yao, ya duka la pembeni, ya dereva wa basi.

Unaongea runinga, sawa. Lakini mtu hawezi kukaa miaka 108 bila ubingwa kwa sababu ya runinga. Cubs walichukua 1907 na 1908, kisha kimya hadi 2016. Walifika fainali ya 1945, na ndiyo ile habari ya mwenye baa, William Sianis, aliyezuiliwa kuingia na mbuzi wake, watu wakasema ameilaani timu. Mwaka 1969 waliongoza karibu msimu mzima kisha Mets wa New York wakawapita. Mwaka 2003 walibaki watu watano tu wa kutolewa ili wafike World Series, wakaporomoka mbele ya Florida Marlins.

Nikwambie nilichokiona 2016. Katika siku zile za fainali watu walianza kuandika kwa chaki kwenye kuta za nje za Wrigley, upande wa barabara za Waveland na Sheffield. Waliandika majina ya wazazi wao, babu zao, waume zao waliofariki bila kuona ubingwa. Kuta zikajaa hadi watu wakaleta ngazi kufika juu. Nilisimama pale na binti yangu akaniuliza kama anaweza kuandika jina la babu yake. Babu yake hakuwahi kuona besiboli maishani. Nikamwambia aandike.

Tangu siku hiyo mimi ni wa Cubs, na sitaki mtu aniambie kwamba nimepewa na runinga.

#7 – Mwenye uzi

Ndugu yangu wa Bukavu, ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na sina cha kuupunguza. Hicho ndicho ninachokitetea hapa, ila wewe uko upande wa pili wa Madison. Mtu aliyeandika jina la mzee wake kwenye ukuta wa Wrigley hawezi kesho kuvaa kofia nyeusi, na mimi sitamwomba afanye hivyo.

Mechi ya saba ile ya fainali ya 2016 niliitazama. Cubs walikuwa nyuma mechi 3 kwa 1 dhidi ya Cleveland, wakasawazisha 3 kwa 3, kwenye ya saba wakaongoza, Rajai Davis wa Cleveland akasawazisha raundi ya nane kwa mpira uliovuka uzio (hapo mpigaji na wenzake walio vituoni wote wanarudi), mvua ikasimamisha mchezo dakika 17, kisha raundi ya kumi, 8 kwa 7. Kris Bryant anarusha, Anthony Rizzo anadaka, mpira anauweka mfukoni. Sikushangilia, lakini niliheshimu.

Kinachotuuma kusini ni jinsi habari zilivyoandikwa. Wengi waliandika kana kwamba Chicago yenyewe ilikuwa imengoja miaka 108. Jiji hili lilikuwa na ubingwa wa 2005! Sox waliwafagia Houston Astros mechi 4 kwa 0, kocha akiwa Ozzie Guillén wa Venezuela, Paul Konerko akipiga ule mpira wa mikimbio minne kwenye mechi ya pili, na Scott Podsednik, ambaye msimu mzima wa kawaida hakuvusha mpira hata mmoja nje ya uzio, akaimaliza mechi hiyo hiyo kwa kuuvusha. Ulikuwa ubingwa wa kwanza tangu 1917. Miaka 88. Nasi tulikuwa na wazee waliofariki wakingoja.

#8

Kwa wasiojua: mwaka 1959 Sox walipotwaa ubingwa wa ligi yao, wa kwanza tangu 1919, mkuu wa zimamoto wa jiji aliamuru ving'ora vya tahadhari ya mashambulizi vipigwe usiku kushangilia. Ilikuwa enzi ya vita baridi. Wapo waliokimbilia vyumba vya chini wakidhani Wasovieti wamefika. Mzee niliyefanya naye kazi aliyapitia hayo akiwa mtoto, na bado alikuwa anasema ilistahili.

#9

Na hiyo 1919 usiiruke mkuu. Sox ndiyo timu iliyouza fainali.

#10 – Mwenye uzi

Siiruki. Wachezaji wanane walihusishwa na kupokea fedha za wacheza kamari ili wapoteze fainali kwa Cincinnati. Mahakama iliwaachia 1921, na mara moja kamishna wa besiboli, Jaji Kenesaw Mountain Landis, akawafungia maisha, akiwemo Joe Jackson, mmoja wa wapigaji bora waliowahi kuishi. Mei 2025 ndipo kamishna Rob Manfred alipowaondoa marehemu wote kwenye orodha ya waliofungiwa.

Shabiki wa Sox anaibeba hiyo. Ukiipokea timu unapokea na madeni yake, huwezi kuchukua 2005 ukaiacha 1919 mlangoni.

#11

Hapa Kisumu tunajua Sox kwa sababu ya Obama tu. Ni kweli ni shabiki au ilikuwa siasa?

#12 – Mwenye uzi

Ni kweli. Obama aliijenga siasa yake kusini mwa Chicago. Mwaka 2005, akiwa seneta, alirusha mpira wa ufunguzi kwenye mechi ya mchujo ya Sox. Mwaka 2009, akiwa rais, alirusha mpira wa ufunguzi wa mechi ya nyota wote kule St. Louis, akiwa na jaketi la White Sox mbele ya mashabiki wa timu nyingine. Mwanasiasa anayetafuta kura angevaa jaketi lisilo na timu.

Lakini sikiliza hii. Michelle, mzaliwa wa kusini kabisa, ni Cubs tangu utoto, kwa sababu ya baba yake. Cubs walipoalikwa Ikulu ya Marekani Januari 16, 2017, siku chache kabla ya Obama kuondoka madarakani, yeye shabiki wa Sox ndiye aliyewapokea, na mke wake ndiye aliyekuwa na furaha ya timu yake. Ona basi kwamba anwani si kila kitu. Mzazi anaweza kuishinda ramani.

Na kwa Wakatoliki humu: Baba Mtakatifu Leo XIV, aliyelelewa Dolton, kitongoji cha kusini, ni wa kwetu. Siku alipochaguliwa, Mei 8, 2025, kulikuwa na taarifa kwamba ni Cubs, hadi kaka yake alipojitokeza kusema si hivyo, mama ndiye aliyekuwa na asili ya Cubs. Baadaye ikapatikana picha ya runinga ya mechi ya kwanza ya World Series ya 2005, yupo jukwaani, ametulia, anatazama. Alikuwa mkuu wa shirika la Waagustino duniani wakati huo. Leo kuna picha yake kwenye nguzo ya uwanja wetu, karibu na kiti alichokalia.

#13

Kuna mtu aliniambia mgawanyiko huu ni wa rangi. Cubs ni wazungu wenye pesa, Sox ni weusi na maskini. Ni hivyo?

#14 – Mwenye uzi

Si hivyo moja kwa moja, ingawa kuna ukweli ndani yake. Kusini kuna Bronzeville, mtaa uliojaa watu weusi waliokimbia kusini mwa Marekani kutafuta kazi. Watu weusi walipozuiwa kwenye ligi kuu, Rube Foster alianzisha Negro National League mwaka 1920, na timu yake ya Chicago American Giants ilicheza kusini huku, kwenye uwanja wa zamani wa Sox wenyewe. Kuanzia 1933 mechi ya nyota weusi wa mashariki na magharibi ilifanyika Comiskey Park, na maelfu walifika. Kwa hiyo uwanja wa Sox ulikuwa na historia na watu hao kabla Sox haijamsajili mchezaji mweusi hata mmoja.

Lakini uwanja huo huo uko pia jirani na Bridgeport, mtaa wa Waayalandi, alikotoka Meya Richard J. Daley, shabiki mkubwa wa Sox. Kwa miongo mingi mtu mweusi hakukaribishwa kutembea Bridgeport usiku. Hao wote waliketi uwanja mmoja. Sitaki kuipamba historia hiyo, wala kuifupisha kuwa rangi moja dhidi ya nyingine.

Na kaskazini kulikuwa na Ernie Banks, mchezaji wa kwanza mweusi wa Cubs, 1953. Alipiga mipira 512 ya kuvuka uzio, na hakuwahi kucheza mechi hata moja ya mchujo. Sisi tulikuwa na Minnie Miñoso, Mkuba, mchezaji wa kwanza mweusi wa Sox, 1951. Walifariki mwanzoni mwa 2015, Banks Januari, Miñoso Machi mosi. Majira yale ya baridi jiji lote lilizika pande mbili.

#15

Swali gumu mkuu. 2024 ulikuwa wapi? Timu inapoteza mechi 121, unabaki kwa nini?

#16 – Mwenye uzi

Nilikuwa hapa hapa.

Kwa wasiofuatilia: Sox ya 2024 ilishinda 41 na kupoteza 121, idadi kubwa kuliko timu yoyote ya ligi kuu tangu mwaka 1900. Ilivunja rekodi ya Mets wa 1962. Ndani yake kulikuwa na mechi 21 mfululizo za kupoteza, mwezi Julai hadi Agosti. Na timu hiyo ilikuwa imeongoza kundi lake 2021 kwa ushindi wa mechi 93. Miaka mitatu tu.

Wiki ya mwisho ya Septemba walirudi nyumbani wakiwa na vipigo 120. Kimoja tu na rekodi inavunjwa mbele yetu. Wakaifunga timu ya Angels mechi zote tatu. Jukwaani watu waliimba wakimtaka mmiliki auze timu, na dakika hiyo hiyo wakashangilia kila mpigaji wetu aliyefika kituo cha kwanza. Rekodi ikavunjwa ugenini Detroit tarehe 27. Wapo walioita hali ile mkanganyiko. Mimi naona ndiyo ushabiki wenyewe: unampenda anayevaa jezi na unamdai anayemiliki.

Maana wenye timu wanaweza kuondoka nayo. Mwaka 1988 Sox ilikuwa inahamia Florida. Mji wa St. Petersburg ulikuwa tayari unajenga uwanja. Sheria ya kujenga uwanja mpya Chicago ilipaswa kupita kabla ya saa sita usiku Juni 30. Muda ukawaishia, saa ya bunge la jimbo kule Springfield ikasimamishwa, kura zikapigwa, ikapita. Comiskey Park ya 1910 ikabomolewa 1991 na uwanja wa sasa ukasimama ng'ambo ya barabara. Mkataba wa uwanja huu unaisha 2029, na mazungumzo ya kuhamia kwingine jijini yameshaanza. Timu yangu imekuwa ikiishi kwa muda wa kuazima. Nikiiacha ikiwa na vipigo 121, nimewapa wanaotaka kuihamisha hoja nyingine.

Msimu wa 2025 walipoteza 102. Cubs walishinda 92 na kuingia kwenye mchujo. Sikubadili kofia.

#17

Mwakani nahamia Chicago kwa masomo, chuo kiko katikati ya jiji kabisa. Sina baba wa Cubs wala wa Sox. Nichague ipi?

#18 – Mwenye uzi

Karibu sana mdogo wangu. Usichague ukiwa Dar, na usichague kwa kuangalia msimamo wa ligi.

Fika kwanza. Nenda Wrigley mchana wa Juni, utaona ukuta wa majani, na watu wanarudisha uwanjani mpira wa mgeni uliovuka uzio, hawataki hata kuushika. Tiketi zao ni ghali kuliko zetu, panga mapema. Kisha panda Red Line uje 35th. Fika saa mbili kabla ya mechi kuanza, watu wanachoma nyama maegeshoni na ukisimama karibu utapewa sahani. Ndani tafuta mahindi ya Kimeksiko, yamepukuchuliwa na kutiwa siagi, jibini na pilipili.

Angalia ni wapi mtu wa kiti cha jirani atakuuliza unatoka wapi na kusikiliza jibu. Ikiwa ni kaskazini, ndugu wa #6 atakupokea, na tutataniana humu hadi tuzeeke. Ikiwa ni kusini, niandikie faragha, nitakungoja kituoni Sox–35th, upande wa kutokea mashariki.